Barua ya wazi kwa wenye funguo za majumba yetu ya sinema

Kwa wakurugenzi wa majiji, manispaa na halmashauri za miji nchini Tanzania. Kwa wasimamizi wa mambo ya kale, Bara na Visiwani. Na kwa mashirika ya umma yanayomiliki majengo ya zamani.

Yah: Kuyarudishia kazi yake majumba ya sinema ya zamani

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Ombi langu ni moja, na nalitanguliza lisije likapotea katikati ya maelezo: kabla hamjatia sahihi jumba lingine la sinema livunjwe, ligeuzwe ghala, au likarabatiwe litoke ukumbi wa mikutano, lipeni kwanza nafasi ya kuonyesha sinema. Hata kama paa halipo. Hata kama kilichosalia ni kuta na kiwanja kilichoota majani katikati.

Najua majibu yatakayokuja haraka. Watu wana simu, nani ataenda sinema tena? Na sinema isiyo na paa ni sinema gani? Maswali yote mawili nimeyaona yakijibiwa katika mji mmoja mdogo ulio mbali na kwetu, na mji huo ndio ulionitia nguvu ya kuandika.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Kazi imenipeleka Perth, magharibi mwa Australia. Ukitoka Perth ukaelekea kaskazini, zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara, unafika mji wa pwani uitwao Broome. Kwa wingi wa watu Korogwe inaupita mbali. Una mikandaa, una ghuba pana, una udongo mwekundu unaoganda kwenye viatu, na joto lake mtu wa pwani yetu hahitaji kufundishwa. Mji huo ulijengwa na chaza. Mwanzoni mwa karne ya 20, kabla plastiki haijaenea, vifungo vya mashati ya Ulaya na Marekani vilichongwa kwenye makombe ya chaza, na Broome ilikuwa kitovu cha biashara hiyo duniani. Waliozama kuyatafuta walikuwa Wajapani, Wamalay, Wafilipino na watu wa Timor. Na kabla yao wenyeji wa asili wa nchi ile, wengi wao wakizamishwa kwa nguvu. Katika makaburi ya Wajapani pale mjini wamelala watu zaidi ya 900, wengi wao walioondoka kwao wakiwa vijana wakaishia chini ya maji au katika vimbunga.

Katikati ya mji huo, mtaa wa Carnarvon, ipo sinema ya wazi iitwayo Sun Pictures. Hapo mwanzo eneo lile lilikuwa la duka la familia ya Kijapani, akina Yamasaki. Mwaka 1913 lilinunuliwa na mfanyabiashara Ted Hunter, likajengwa upya kwa mbao na mabati, na mwezi Desemba 1916 likafunguliwa kuwa sinema. Filamu zilikuwa bubu, na mtu alikaa kwenye piano akizipigia muziki. Filamu za sauti ziliingia mwaka 1933. Leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, bado wanaonyesha. Kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kimeitambua kuwa sinema ya wazi kongwe kuliko zote zinazoendelea kufanya kazi, na jimbo limeliandikisha jengo katika daftari lake la urithi.

Niliingia nikitarajia jengo lililopakwa rangi upya kwa ajili ya watalii. Nilichokikuta ni mabati. Mabati ya migongo kwa mbele, mabati pembeni, mengine mapya, mengine ya zamani yenye alama za misumari iliyokwisha kung'olewa, yameunganishwa bila kufichwa. Hakuna marumaru. Hakuna dari la jasi. Sehemu ya nyuma ina paa, na mtu anayeogopa mvua hukaa huko. Ya mbele ni bustani, nayo imepangwa viti vya turubai ambavyo ukishakaa vinakuchukua mzima, mgongo unazama, kichwa kinaegemea, na macho yanajikuta yametazama juu kabla ya kutazama mbele. Skrini imesimama mwisho wa bustani. Mitambo ya zamani ya kuonyeshea imewekwa mlangoni ili watu waione, na kazi yenyewe sasa inafanywa na projekta ya dijitali. Onyesho halianzi mpaka giza liingie. Basi watu huja mapema na mito yao na watoto wao na mafurushi ya chakula, na ile saa ya kungoja giza ni nusu ya raha yenyewe: huyu anamuuliza yule habari za mgonjwa, watoto wanakimbizana hadi chini ya skrini, kijana anauza bisi.

Filamu ikiwa katikati, mjusi kafiri alitokea pembeni mwa skrini akatembea taratibu mpaka kwenye shavu la stelingi, akatulia, kisha ghafla akamdaka mdudu kwa mdomo. Watoto wa safu ya mbele walimshangilia kuliko walivyomshangilia stelingi. Muda si muda ikaja ndege. Kiwanja cha ndege cha Broome kimeshikana na mji, na njia ya kutua inapita juu ya bustani ile. Taa zake zilitokea juu ya mabati, mlio ukameza maneno yote ya filamu, midomo ya waigizaji ikawa inachezacheza bure, na umati mzima ukainua vichwa kuitazama tumbo ikipita. Hakuna aliyelalamika. Ndege ikaisha, vichwa vikashuka, hadithi ikaendelea pale ilipofika.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu ninyi mkiletewa andiko la mradi mtaletewa michoro na bei ya saruji, na haya hayatakuwemo. Kilichowaleta watu wale hakikuwa filamu peke yake, kwani ile filamu wangeweza kuiona nyumbani. Walikuja kukaa pamoja mahali walipokaa bibi zao.

Jambo la maji limenigusa zaidi kama mtu wa pwani. Bahari ya Broome hupanda na kushuka kupita zaidi ya mita tisa. Kwetu Tanga bamvua kubwa, yale maji ya kujaa na kupwa sana, ni kama mita nne. Kwa miaka mingi, bamvua lilipojaa, maji yalipanda kwenye mikandaa yakaingia mjini, yakaingia sinema, yakafika miguuni pa watazamaji. Onyesho halikusimamishwa. Watu waliinua miguu. Hadithi za samaki waliovuliwa chini ya viti zinasimuliwa mpaka leo. Tuta la kuzuia maji lilijengwa mwaka 1974, hapo ndipo mafuriko yakakoma. Fikirieni hesabu hiyo, waheshimiwa: tangu 1916 mpaka 1974 jengo la mbao na bati liliogeshwa maji ya chumvi mara kwa mara, katika ukanda wa vimbunga, na halikufa. Halikufa kwa kuwa kila lilipoharibika kulikuwa na onyesho la wiki ijayo lililomlazimisha mtu kushika nyundo. Jengo lenye kazi hutengenezwa. Likikosa kazi hufungwa kufuli, na chini ya kufuli mchwa hula na paa hushuka, halafu anakuja mtaalamu kuandika kuwa ni hatari kwa umma. Mnayajua majengo ya namna hiyo katika miji yenu kuliko mimi.

Lipo la aibu pia katika historia ya jumba lile, na wenyewe hawalifichi. Kwa miongo mingi watu wa Broome walikaa kwa rangi zao. Wazungu walikuwa na viti vizuri vya katikati. Wajapani na Wachina walikuwa na sehemu yao. Wamalay na wenyeji wa asili waliingilia mlango wa pembeni, wakakaa walipoambiwa. Mama mmoja mtu mzima, wa kabila la Yawuru ambalo ndilo lenye ardhi ile tangu asili, alikuwa kiti cha jirani yangu. Tulipoanza kuzungumza alinionyesha kwa kidole upande alioingilia alipokuwa mtoto. Hakusema zaidi ya hapo, na mimi sikumuuliza. Usiku ule alikuwa katikati, mstari wa tatu, na wajukuu wawili wamemlalia mapajani. Mahakama ya Shirikisho ya Australia ilitambua haki ya Wayawuru juu ya ardhi yao mwaka 2006. Lakini naamini kuna haki nyingine ambayo hupatikana tu pale mahali penyewe panapokuwa bado pamesimama, na mtu aliyefukuzwa katikati akaweza kurudi akakaa katikati. Jumba lile likivunjwa, ushahidi wa ule mlango nao unavunjwa.

Australia wana mwongozo wa kuhifadhi majengo unaoitwa Mkataba wa Burra, kwa jina la mji mdogo ulikopitishwa mwaka 1979. Nimeusoma baada ya safari ile. Mawili yaliyomo ningependa yabandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya mipango miji. La kwanza: fanya kadiri inavyohitajika, na ugeuze kidogo iwezekanavyo. La pili ni kwamba pale ambapo matumizi yenyewe ya mahali ndiyo yenye thamani, basi matumizi hayo yadumishwe. Msikiti wa kale huhifadhiwa kwa kuswaliwa. Soko huhifadhiwa kwa kuuziwa. Na jumba la sinema, kwa mantiki hiyohiyo, kama watu hawakai gizani pamoja wakitazama picha, hata mkilipaka rangi nzuri namna gani mtakuwa mmehifadhi ukuta tu.

Sasa nirudi kwetu, maana ndiko barua hii inakoelekea.

Pwani yetu haikuwa nyuma kwa sinema. Vuga, Unguja, jumba la Royal lilijengwa mwaka 1921 kwa michoro ya John Sinclair, yuleyule aliyechora majengo mengi ya serikali ya wakati ule. Liliungua mwaka 1953, na mwaka 1955 likazaliwa upya kwa jina la Majestic. Tanga kulikuwa na Majestic yake, na Novelty, na Regal. Moshi ilikuwa na Plaza, Arusha Metropole. Dar es Salaam ukitaja Empire, Avalon, Empress na Odeon mbele ya mtu wa miaka sabini, huhitaji kuuliza swali la pili, keti, utasimuliwa. Unguja kuna wakati filamu moja ilionyeshwa katika majumba mawili usiku uleule, na kijana wa baiskeli ndiye aliyekimbiza rili, yaani gurudumu la mkanda wa filamu, kutoka ukumbi huu kwenda ule, akichelewa yeye mji mzima unapiga miluzi. Opareta alikuwa na mitambo miwili na kila dakika ishirini hivi alipaswa kuhama kutoka mmoja kwenda wa pili bila mtazamaji kugundua. Mafundi hao baadhi wako hai. Hakuna anayewauliza kitu.

Mama yangu husimulia habari za zanana, maonyesho ya wanawake peke yao. Walivaa kanga za sare, wamejitia hina, wakafunga karanga kwenye pembe ya kanga, wakaenda kundi zima na shoga zao kuangalia picha ya Kihindi. Hawakujua Kihindi. Walizijua nyimbo zote. Walilia pamoja na kurudi kwa miguu wakiimba, na kwa wengi wao ile ilikuwa safari pekee ya wiki ambayo haikuwa ya sokoni, msibani wala harusini. Ninapoona jumba la sinema limegeuzwa ghala la magunia huwa nayafikiria hayo: tulipofunga majumba yale, wanaume walibaki na baraza na vijiwe na viwanja vya mpira. Wanawake tuliwafungia nini, na tukawafungulia nini badala yake?

Na sinema ya wazi si mgeni kwetu pia. Wazee wa vijijini wanalikumbuka gari la sinema lililotandaza kitambaa cheupe uwanjani jioni, kijiji kizima kikakaa chini. Dar es Salaam ilifungua sinema ya kuingia na magari huko Msasani mwaka 1966, na ingawa uwanja ule sasa una ubalozi wa Marekani, watu wa rika fulani bado wanapaita palepale kwa jina la sinema. Na tangu mwaka 1998 tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, limekuwa likionyesha filamu ndani ya Ngome Kongwe, chini ya nyota, mbele ya kuta zilizojengwa na Waomani baada ya kumtimua Mreno. Watu wanajaa. Upepo wa Forodhani unapuliza, adhana ikiadhiniwa watu wanasubiri, kisha onyesho linaendelea. Asiyeamini kuwa Mtanzania wa leo atakaa nje kuangalia picha aende Ngome Kongwe wiki ya tamasha.

Au aende jirani zaidi. Kila mtaa una kibanda umiza. Benchi la mbao, bati la chini, joto la kuchemsha yai, televisheni moja, na vijana themanini wamebanana kuangalia mechi au filamu iliyofasiriwa kwa sauti ya mtu wa Manzese. Kila mmoja wao ana simu mfukoni. Wangeweza kutazama peke yao, na wanalipa ili watazame na wenzao. Hao ndio watazamaji wenu, tayari wapo, tayari wanatoa hela. Wanachokosa ni mahali pa heshima, penye hewa, ambapo dada zao na mama zao nao wanaweza kukaa.

Kwa nini basi majumba yamekufa? Sababu ni nyingi na sitazimaliza. Kanda za video zilikuja miaka ya 1980, televisheni ikafika Bara miaka ya 1990, uchumi ukabana, filamu mpya zikakosekana. Lakini kuna mawili yaliyo mikononi mwenu. Mwaka 1971 Sheria ya Kutwaa Majumba ilipopitishwa, majengo mengi makubwa ya biashara mijini, ya sinema yakiwemo, yalihamia kwa Msajili wa Majumba. Silaumu dhamira ya wakati ule. Ninachosema ni kuwa baadhi ya majumba haya ni mali ya umma, na mali ya umma ina mwenyewe, ambaye ni umma. La pili ni sheria. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jumba la sinema la mwaka 1935 au 1955 halimo, wala haliwezi kuwemo, mpaka waziri alitangaze. Kwa hiyo mtu anaweza kuamka leo akavunja jumba lililolea vizazi vitatu vya mji, na asiwe amevunja sheria yoyote ya malikale. Uwezo wa kutangaza upo. Naomba utumike, na upendekezo wa kwanza utoke halmashauri, kwa sababu wizarani hawawezi kujua kuwa nyuma ya stendi ya mji wenu kuna ukuta wenye tundu mbili za projekta.

Mtaniuliza gharama. Sitawapa tarakimu ya kubuni. Nitasema tu kile ambacho macho yangu yaliona kinatosha Broome: ukuta au skrini nyeupe, projekta moja ya dijitali, spika nzuri, viti vinavyokunjika, vyoo safi, njia mbili za kutokea, na mtu anayejua kazi yake. Paa la ukumbi mzima, ambalo ndilo linalokula fedha katika kila ukarabati niliowahi kusikia, halikuwa sharti. Wataalamu wa hali ya hewa hawahitajiki kutuambia kuwa kwetu jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima, na saa moja na nusu usiku giza limeshakamilika. Nchi za kaskazini zingetoa mengi kupata hilo, maana kiangazi chao hakina giza mpaka usiku wa manane. Masika mtapumzika, kuanzia Machi hadi Mei. Vuli mtachungulia mawingu. Miezi iliyobaki ni yenu.

Nisieleweke kuwa nasema watu waingizwe kwenye magofu. Kuta zipimwe na mhandisi kwanza. Kama kuna mabaki ya vigae vya asbestosi, viondolewe na watu wenye vifaa vya kujikinga, wala visivunjwe kwa nyundo na vibarua wasio na barakoa. Nyaya zote za umeme za zamani zing'olewe. Haya si ya kubahatisha. Baada ya hapo lakini, tafadhalini, mjizuie. Msilete vioo vya buluu. Msifunike sakafu ya tarazo kwa vigae vya bafuni. Herufi za jina zilizo usoni mwa jengo, hata kama moja imeanguka, zibaki zilivyo, ile iliyoanguka ichongwe nyingine ya namna hiyohiyo. Kibanda cha tiketi kibaki kibanda cha tiketi.

Kwenye mkataba wa upangaji ndipo penye nguvu yenu kubwa. Mkimpa mwekezaji jumba, andikeni ndani ya mkataba kuwa atawasha skrini angalau usiku mmoja kila wiki, kwa bei ambayo mwendesha bodaboda na mkewe wanaimudu, na kwamba mara moja kwa mwezi kutakuwa na onyesho la wanawake peke yao. Mchana afanye biashara yake: mgahawa, maktaba, mahafali, harusi za Jumamosi. Sina ugomvi na harusi. Ninachokataa ni harusi kuwa kazi pekee, kwa sababu kumbi za harusi hazijapungua mji wowote. Mama lishe na wauza kachori wapewe nafasi ya mlangoni, wasifukuzwe na mgambo usiku wa onyesho. Nao ni sehemu ya sinema tangu enzi za wazee wetu.

Watengenezaji wetu wa filamu nao wanateseka. Wanapiga picha kwa mikopo, wanauza kwenye simu kwa vijisenti, na wengi hawajawahi kukaa nyuma ya ukumbi wakaona watu wasiowajua wanacheka pale walipotaka wacheke. Bodi ya Filamu ingekaa na halmashauri mkarahisisha kibali cha onyesho la wazi la filamu ya nyumbani, msanii wa Tanga angeweza kuonyesha Lushoto wiki hii na Pangani wiki ijayo, akipata mgawo wa mlangoni. Rili zilikuwa zikizunguka nchi hii kwa treni na mabasi, mji hadi mji. Faili la dijitali ni jepesi kuliko rili.

Kwa wenzetu wa Visiwani nina neno fupi. Majestic ya Vuga iko ndani ya Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na wapo Wazanzibari wanaopigania lifufuliwe. Wasikilizeni. Na likifufuliwa, lisiwe la wageni wa hoteli pekee. Kijana wa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, aweze kununua tiketi.

Hatua ya kwanza ninayoiomba haina gharama hata ya mfuko wa saruji. Kila halmashauri itoe orodha ya majumba ya sinema yaliyomo mjini mwake, yaliyosimama na yaliyobaki msingi: jina, mwaka wa kujengwa, mmiliki wa sasa, mpangaji wa sasa, mkataba unaisha lini. Orodha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, wananchi wasahihishe. Wazee watakuja na picha na vipande vya tiketi. Vipokeeni, mviandikie stakabadhi, msivipoteze. Opareta wa zamani atakayejitokeza arekodiwe sauti yake wiki hiyohiyo.

Mimi na Watanzania wenzangu kadhaa tunaoishi Perth tumekubaliana kuchangia projekta na spika kwa mji wa kwanza utakaotutajia jumba na kutupa tarehe ya onyesho. Hatuombi jina letu liandikwe popote. Tunaomba barua yenye muhuri wa halmashauri, ikitaja nani atatunza vifaa na ufunguo utakaa kwa nani. Tungefurahi ikitoka Tanga, lakini yeyote atakayetangulia atapewa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Perth